UZI: Miungu ya Wakelti chini ya Dola ya Roma, na kwa nini majedwali ya "huyu ndiye yule" yanapotosha

Mleta mada:

Ndugu wanajukwaa, kila inapozuka mada ya dini za kale za Ulaya, hakukosi mtu wa kubandika jedwali lenye safu mbili: upande mmoja miungu ya Wakelti, yaani makabila ya kale ya Ulaya magharibi, upande wa pili miungu ya Warumi, na katikati alama ya kulingana. Taranis ni Jupiter, Teutates ni Mars, Lugus ni Mercurius, Sulis ni Minerva, na mjadala unafungwa hapo. Nimeleta uzi huu kwa sababu naamini kwa dhati kwamba jedwali hilo linatuficha sehemu yenye thamani kuliko zote katika historia hii. Mchanganyiko ule haukuamriwa na ofisi yoyote ya Roma. Ulifanywa na watu mmoja mmoja, wenye haja zao, mahali walipokuwa, na kila mmoja wao alipokwenda kwa mchonga mawe aliamua mwenyewe ni jina gani litangulie, jina gani lifuate na jina gani liachwe. Maamuzi hayo bado yanasomeka hadi leo, na ndiyo ninayotaka tuyatazame.

Nianze na chanzo cha jedwali lenyewe. Julius Caesar, jemadari wa Roma, aliivamia Gallia, ambayo kwa sehemu kubwa ni Ufaransa ya leo, kuanzia mwaka 58 KK, na katika kitabu cha sita cha kumbukumbu zake za vita anaeleza kwamba mungu anayeabudiwa zaidi na Wagalli ni Mercurius: sanamu zake ni nyingi, ndiye mbunifu wa sanaa zote, ndiye mwongozaji wa njia na safari, na ndiye mwenye uwezo mkubwa katika kuchuma fedha na kufanya biashara. Baada yake anawataja Apollo afukuzaye maradhi, Mars atawalaye vita, Jupiter mwenye mamlaka ya mbingu na Minerva afundishaye kazi za mikono. Katika orodha hiyo hakuna hata jina moja la Kigalli. Caesar alikuwa akiwaandikia wasomaji wa Roma kwa majina waliyoyajua, naye alikuwa na vita vya kueleza, si dini ya kuchunguza. Wasomi wa karne za baadaye ndio waliochukua orodha hiyo na kuanza kutafuta majina ya Kigalli ya kuijaza, kana kwamba Caesar alikuwa ameacha nafasi wazi kwa makusudi.

Majina ya Kigalli tunayapata kwa mshairi Lucan, aliyeandika katika enzi ya Nero, anapowataja watatu waliotulizwa kwa damu ya wanadamu: Teutates, Esus na Taranis. Karne nyingi baadaye wanakili wa zama za kati waliandika maelezo ya kufafanua mistari hiyo, na hati moja ya maelezo hayo imehifadhiwa mjini Bern, Uswisi. Mfafanuzi anasema Teutates ni Mercurius, Esus ni Mars, na Taranis ni Dis Pater, baba wa walimwengu wa chini. Kisha katika maelezo yaleyale anaongeza kwamba kwa waandishi wengine amekuta vinginevyo: Teutates ni Mars, Esus ni Mercurius, na Taranis ni Jupiter. Yaani hata jedwali kongwe kabisa tulilo nalo linajipinga lenyewe ndani ya ukurasa mmoja, wala aliyeliandika hakuona haja ya kuchagua upande.

Ukiyageukia mawe na madini, unaona kwa nini. Huko Barkway, Uingereza, kimepatikana kibamba cha fedha kilichotolewa kwa Mars Toutatis. Mjini Trier, Ujerumani, mtu aitwaye Indus, wa kabila la Wamediomatrici, alimtolea Mercurius mnara wa jiwe, na ubavuni mwake amechongwa mwanamume anayekata mti wenye kichwa cha fahali na ndege watatu, mchoro ambao tutakutana nao tena Paris ukiwa na jina la Esus. Mjini Chester, mwaka 154 BK, askari mmoja wa jeshi la ishirini alisimamisha madhabahu kwa Jupiter Mwema Mkuu Tanarus. Mifano hii kila mmoja ni wa kweli mahali pake. Kinachokosewa ni kuuchukua mmoja na kuufanya sheria ya bara zima.

Ili kuelewa watu hawa walikuwa wakifanya nini, ni lazima kwanza tuelewe nadhiri. Katika dini ya Kirumi, mtu aliyekuwa na shida alimwahidi mungu sadaka endapo atajibiwa, na alipojibiwa alikuwa na deni. Ndiyo maana maelfu ya madhabahu katika majimbo ya magharibi huishia na herufi nne, V S L M, ambazo ni ufupisho wa maneno ya Kilatini yenye maana kwamba fulani ameitimiza nadhiri yake kwa hiari na kwa haki. Sasa, anayelipa deni hawezi kukosea anayemdai. Kumshukuru Mars kwa jumla ilhali aliyekuponya ni yule wa chemchemi ya kijijini kwako ni sawa na kutomlipa mtu yeyote. Mkelti aliyejifunza Kilatini, na askari Mrumi aliyepelekwa mwisho wa dunia, wote wawili walikutana katika hofu hii moja: nimtaje sawasawa. Jina la Kirumi lilieleza ni kazi ya aina gani iliyofanyika, na jina la wenyeji lilieleza ni nani hasa aliyeifanya, na wapi.

Mfano nisiochoka kuusoma ni wa Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako Warumi walipaita Aquae Sulis, yaani Maji ya Sulis. Chemchemi yake hutoa zaidi ya lita milioni moja za maji kila siku, yenye joto la nyuzi 46 hivi, na wenyeji waliyajua maji hayo kabla ya jeshi la Kaisari Claudius kuvuka bahari mwaka 43 BK. Warumi walijenga hapo hekalu katika nusu ya pili ya karne ya kwanza, wakaizunguka chemchemi kwa hodhi la mawe na mabafu. Mwaka 1727 mafundi waliokuwa wakichimba mtaro mjini humo waliibua kichwa cha sanamu ya shaba nyeusi kilichopakwa dhahabu, uso mtulivu wa Minerva kama ungeweza kuuona popote katika dola. Kwa macho, basi, tuko Roma.

Lakini wanaakiolojia walipoichimba chemchemi yenyewe, mwaka 1979, walikuta jambo ambalo sanamu haisemi. Chini ya maji kulikuwa na sarafu zaidi ya 12,000 na vibati vya risasi na vya risasi iliyochanganywa na bati, vinavyofikia 130 hivi, vimeandikwa, vingi vikakunjwa na kutupwa majini. Ni mashtaka. Mtu ameibiwa, hana polisi wa kumwendea, anamwandikia mungu wa kike wa chemchemi. Docilianus aliibiwa joho lake lenye kofia. Anaandika kwamba anamkabidhi mwizi kwa mungu mtakatifu sana Sulis, awe mwanamume au mwanamke, awe mtumwa au muungwana, na anaomba mwizi huyo asiruhusiwe usingizi wala watoto, waliopo na watakaozaliwa, mpaka alilete joho lile kwenye hekalu la mungu huyo. Docimedis naye alipoteza glavu mbili, akaomba aliyeziiba apoteze akili na macho yake.

Tazameni Docilianus anamwita nani. Anamwita Sulis tu, Minerva hayumo. Kwenye vibati vingine Minerva anatajwa, lakini mara nyingi anakuja wa pili, baada ya Sulis. Na lugha ya mashtaka hayo ni ya mahakamani, Kilatini cha kisheria chenye kuziba kila mwanya, "awe mwanamume au mwanamke". Mtindo wa kushtaki ulikuja na Warumi, na aliyepelekewa mashtaka alikuwapo kabla yao. Kibati kimoja cha karne ya nne, cha mtu aitwaye Annianus aliyeibiwa sarafu sita za fedha katika mfuko wake, kinaongeza jozi mpya ambayo ndiyo inayonigusa zaidi: "awe mpagani au Mkristo". Dini ya tatu ilikuwa imeshaingia mjini, naye Annianus hakutaka mwizi wake apenye katikati ya maneno.

Mungu huyu wa kike alikuwa na kuhani wake aliyejulikana kwa jina, Gaius Calpurnius Receptus, aliyefariki akiwa na miaka 75, na kaburi lake linamtaja kuwa kuhani wa mungu wa kike Sulis. Mwandishi Solinus anaeleza kwamba katika hekalu la Minerva huko Britania moto haukuzimika, na kwamba ulipokwisha kuwaka haukuacha majivu bali mabonge ya mawe. Wengi wanaamini hayo yalikuwa makaa ya mawe ya eneo lile. Solinus, aliyeandika kwa wasomaji wa mbali, alisema Minerva. Kuhani aliyekuwa pale kila siku alisema Sulis.

Nihamie kwa Mars, maana hapo ndipo jedwali linapovunjika kabisa. Tumezoea kumjua kama mungu wa vita. Katika nchi ya Watreveri, kando ya mto Moselle, alikuwa Lenus Mars, na watu walimwendea wakiwa wagonjwa. Kule Martberg alikuwa na patakatifu juu ya mlima, na hapo mtu mmoja mwenye jina la Kigiriki, Tychicus, aliacha mashairi kwa Kilatini na kwa Kigiriki akimshukuru Mars kwa kumwokoa na mateso makali ya mwili na roho. Kule Lydney, karibu na mto Severn, alikuwapo Nodens, ambaye maandishi mengine humwita Mars. Huko zimepatikana sanamu ndogo nyingi za mbwa, mnyama ambaye katika dini za wakati ule alihusishwa na uponyaji wa vidonda. Silvianus, aliyeibiwa pete, alimwahidi Nodens nusu ya thamani yake, na akaomba kwamba miongoni mwa wenye jina la Senicianus mtu asipewe afya mpaka pete ifikishwe hekaluni. Vita viko wapi hapo? Mars alikuwa pia mlinzi, mwenye kuzuia madhara yasiingie shambani na nyumbani, na hata Warumi wenyewe zamani walimwomba alinde mazao na mifugo yao. Wakelti wa Moselle walikamata upande huo wa Mars na kuuacha ule wa upanga.

Nitasimama hapa kwa sasa. Nitarudi kwenye nguzo ya Paris, maana nayo ina mengi. Karibuni kwa maswali na hoja.

Mchangiaji:

Shukrani, mkuu, kwa uzi ulioshiba. Nina pingamizi moja. Unawaonyesha watu hawa kama waliokaa na kuchagua majina kwa utulivu, lakini tunajua Warumi waliwaangamiza Wadruidi. Ukishaua makuhani wa watu, ukajenga hekalu lako juu ya chemchemi yao na kuweka sanamu yako, uchaguzi unabaki wapi? Mimi naona huu ni ukoloni wa kidini uliopakwa rangi ya maelewano.

Mleta mada:

Ndugu, pingamizi lako ni la haki na sitalipita haraka. Ni kweli Kaisari Augustus aliwakataza raia wa Roma kushiriki dini ya Wadruidi, na mwandishi Suetonius anasema Claudius aliifuta kabisa. Mnamo mwaka 60 au 61 gavana Suetonius Paulinus alikivamia kisiwa cha Mona, ambacho leo huitwa Anglesey. Tacitus anaeleza jinsi askari walivyoganda kwa hofu walipowaona Wadruidi wameinua mikono wakilaani, na wanawake waliovaa nguo nyeusi wakikimbia huku na huku na mienge, kisha jinsi kisiwa kilivyotekwa na misitu mitakatifu ikakatwa. Hayo ni mauaji na uharibifu, wala mtu asiyapambe.

Lakini angalia walichokilenga. Wadruidi walikuwa waamuzi wa kesi, walimu wa vijana wa tabaka la juu, na watu wenye mtandao uliovuka mipaka ya makabila. Caesar anasema walikutana kila mwaka mahali patakatifu katika nchi ya Wakarnuti, ambao ni watu wa eneo la Chartres ya leo. Kwa dola, huo ni utawala mwingine ndani ya utawala wake. Miungu yenyewe haikugombwa. Katika enzi hizo hakuna amri tunayoijua iliyomkataza mtu kumwabudu Sulis, au Lenus, au Rosmerta, na magavana na maofisa wa Kirumi walikuwa wa mbele katika kuwatolea sadaka.

Hasara kubwa, kwa maoni yangu, iko mahali pengine. Caesar anaeleza kwamba Wadruidi walikataa kuyaandika mafundisho yao, na wanafunzi wengine walikaa hata miaka ishirini wakiyahifadhi kwa moyo. Walipoondolewa, visa vya miungu hiyo viliondoka nao. Tumebakiwa na majina, sura na nadhiri, tena vyote vimepita katika mikono iliyofunzwa kwa mtindo wa Kirumi: herufi za Kilatini, mchongo wa jiwe, fomula ya kisheria. Hatuna hata hadithi moja ya Kigalli kuhusu Esus na mti wake. Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba uchaguzi ulifanywa ndani ya nyumba iliyojengwa na mshindi. Ninachokataa ni kusema kwamba ndani ya nyumba hiyo hapakuwa na mtu aliyechagua chochote.

Tena tusiwasahau wakuu wa Kigalli wenyewe. Mwaka 12 KK Drusus, mtoto wa kambo wa Augustus, alizindua madhabahu ya Roma na Augustus kule Lugdunum, Lyon ya leo, kwa ajili ya makabila ya Gallia, na Strabo anasema majina ya makabila sitini yaliandikwa juu yake. Kuhani wake wa kwanza alikuwa Mgalli wa kabila la Waedui, Gaius Julius Vercondaridubnus. Majina mawili ya kwanza ni ya ukoo wa Caesar, la tatu ni la Kigalli tupu. Watu kama huyu ndio waliolipia mahekalu, na waliyalipia kwa sababu kupitia kwayo walipata cheo, uraia na heshima. Nao Waarverni, kabila jingine la Kigalli, hawakubaki nyuma: Pliny anaeleza kwamba walimwajiri mchongaji Zenodorus kuwatengenezea sanamu kubwa mno ya Mercurius, kazi iliyochukua miaka kumi na kugharimu sesta (sarafu za Kirumi) milioni 40. Juu ya mlima wao, Puy de Dôme, penye kimo cha mita 1,465, lilijengwa hekalu la Mercurius, na kibati cha shaba kilichopatikana hapo kinamwita Mercurius Dumias, jina linalobeba mlima wenyewe.

Mchangiaji:

Naomba kuuliza kuhusu Cernunnos, yule mwenye pembe. Kila jedwali linampa mwenzake Mrumi tofauti: wengine Dis Pater, wengine Mercurius, wengine Pan. Yupi ni sahihi? Na je, Lugus ndiye Mercurius wa Caesar?

Mleta mada:

Swali lako linanirudisha Paris, kwa hiyo nalishukuru. Chini ya kanisa kuu la Notre-Dame, mwanzoni mwa karne ya 18, yalifukuliwa mawe ya nguzo iliyosimamishwa na chama cha wenye mashua wa Waparisi katika enzi ya Kaisari Tiberius, yaani kati ya mwaka 14 na 37 BK. Nguzo imetolewa kwa Jupiter Mwema Mkuu, na maandishi yanasema wenye mashua wameisimamisha kwa gharama ya chama. Hao ni watu waliobeba mizigo katika mto Seine, wenye fedha na umoja wao, wanaotaka kuonekana waaminifu kwa Kaisari.

Kwenye jiwe moja, kila upande una umbo lake na jina juu yake. Jupiter amesimama upande mmoja. Vulcan yuko upande mwingine. Upande wa tatu yuko Esus, mwenye ndevu, amevaa nguo fupi ya kazi, ameinua chombo chake anakata matawi ya mti. Upande wa nne yuko fahali mbele ya mti, na korongo wawili wamesimama mgongoni pake na mmoja kichwani. Kwenye jiwe jingine wako Castor na Pollux na farasi wao, Smertrios anayempiga nyoka, na Cernunnos, mzee mwenye ndevu na pembe za paa, kila pembe imening'inizwa mkufu mzito wa Kikelti. Wenye mashua hawakumpa Esus jina la Kirumi, wala Cernunnos. Hawakuandika "Mercurius Esus". Waliwapanga miungu yao pamoja na miungu ya Roma, bega kwa bega, kwa kimo kimoja, chini ya jina la Jupiter. Hiyo ni namna nyingine kabisa ya kuchanganya: kuweka pamoja bila kuunganisha.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu mwenzake Mrumi wa Cernunnos ni kwamba waliomwabudu hawakumpa. Mjini Reims kuna mchongo ambamo mungu mwenye pembe ameketi katikati, akimimina vitu kutoka kwenye mfuko, na waliosimama kando yake ni Apollo na Mercurius. Mchongaji aliyewaweka Apollo na Mercurius wakisimama kama wasindikizaji wa mwenye pembe hakuwa akitafuta kumlinganisha na Mercurius, kwa sababu Mercurius yupo palepale. Wanaomtaja Pan wanafuata pembe tu, na Pan ana pembe za mbuzi.

Kuhusu Lugus, napendekeza tahadhari. Jina lake limo katika jina la Lugdunum, na kule Peñalba de Villastar, Hispania, limeandikwa kwenye mwamba. Katika hadithi za Ireland yuko Lug, mwenye ustadi wa kila sanaa, na hilo linafanana sana na "mbunifu wa sanaa zote" wa Caesar. Mimi naona uhusiano huo una uzito. Lakini mawe mengi ya Mercurius wa Gallia yana majina mengine kabisa ya wenyeji, na hadithi za Ireland ziliandikwa na watawa wa Kikristo katika nchi ambayo Roma haikuitawala kamwe. Kuzitumia kujaza mapengo ya Gallia ya karne ya kwanza ni kuruka miaka mingi na bahari pia.

Mchangiaji:

Mkuu, umezungumzia majina mawili kwa mungu mmoja. Vipi kuhusu wale wanaochongwa kama mume na mke? Na je, kuna mungu wa Kikelti aliyekwenda upande wa pili, kutoka Gallia kuingia Roma?

Mleta mada:

Wapo, na jozi hizo zina utaratibu wake. Mara nyingi mume ana jina la Kirumi, pengine likifuatwa na la Kikelti, na mke amebaki na jina lake la Kikelti peke yake: Mercurius na Rosmerta, Apollo Grannus na Sirona, Mars Loucetius na Nemetona. Wako wanaosoma hapo picha ya mshindi aliyeoa binti wa nchi. Inawezekana, lakini mimi naona maelezo yaliyo karibu zaidi na ardhi: mungu wa kike ndiye aliyekuwa chemchemi, msitu au wingi wa mavuno wa mahali pale, na mahali hapahamishwi. Sucellus, mwenye nyundo ya mpini mrefu, na mkewe Nantosuelta hawakuchukua hata jina moja la Kirumi katika mchongo maarufu wa Sarrebourg, ijapokuwa wamechongwa kwa ustadi wa Kirumi.

Aliyevuka kuingia Roma ni Epona, mlinzi wa farasi. Askari wapanda farasi walioandikishwa Gallia walimchukua kokote walikopelekwa, kutoka Britania hadi nchi za mto Danube, na hatimaye Roma kwenyewe. Kalenda iliyopatikana Guidizzolo, kaskazini mwa Italia, inamwekea sikukuu tarehe 18 Desemba. Apuleius anataja sanamu yake imewekwa ndani ya zizi, imepambwa kwa waridi. Hakuna aliyejaribu kumwita Diana au Minerva, kwa kuwa hakuna mungu wa Kirumi aliyekuwa akifanya kazi yake.

Na Apollo Grannus alifika juu zaidi. Cassius Dio anasimulia kwamba Kaisari Caracalla, akiwa mgonjwa, aliomba msaada kwa Apollo Grannus, kwa Asclepius, mungu wa tiba wa Wagiriki, na kwa Serapis wa Misri. Mwenye dola yote, alipoumwa, hakutosheka na Apollo wa Roma. Alimtaja Grannus.

Mchangiaji:

Nimefuatilia tangu mwanzo. Kama ungelazimika kumwonyesha mgeni kitu kimoja tu kinachoeleza jambo hili lote, ungechagua nini? Na sisi tusio karibu na makumbusho hayo tunaweza kuyaona wapi?

Mleta mada:

Ningechagua vitu viwili, na vyote ni vya watu wasiojulikana kwa lolote jingine.

Cha kwanza kiko Caerwent, Wales. Ni kitako cha sanamu cha mwaka 152 BK, kilichotolewa na Marcus Nonius Romanus kwa Mars Lenus "au" Ocelus Vellaunus. Lenus ni wa Watreveri wa Moselle, Ocelus ni wa magharibi ya Britania, na Nonius amewaunganisha kwa neno la kuchagua, kama mtu anayesema kwamba vyovyote unavyopenda kuitwa hapa, deni ninalolipa ni lako. Sanamu imepotea. Juu ya kitako zimebaki nyayo za mtu na, kando yake, nyayo za bata bukini.

Cha pili kiko Bath. Ni madhabahu ya Peregrinus mwana wa Secundus, raia wa Watreveri. Alikuwa amesafiri kutoka nchi ya Trier mpaka kwenye maji ya Sulis, yumkini kwa matibabu, na nadhiri yake aliitimiza hapohapo mjini. Lakini aliowashukuru ni Loucetius Mars na Nemetona, miungu ya kwao. Jina la Kikelti limetangulia la Kirumi, na Nemetona hana jina la Kirumi kabisa. Anayesoma jedwali atasema huyu alimwabudu Mars. Peregrinus mwenyewe, nadhani, angeshangaa kuambiwa hivyo.

Kuhusu kuyaona: nguzo ya wenye mashua iko katika Makumbusho ya Cluny mjini Paris, mchongo wa mwenye pembe uko katika Makumbusho ya Saint-Remi mjini Reims, na vitu vya Sulis viko palepale kwenye mabafu ya Bath. Kwa aliye mbali, mkusanyo wa maandishi ya Kirumi ya Britania umewekwa mtandaoni bila malipo, na vibati vya Bath vimo, pamoja na usomaji wa kila mstari na picha au mchoro wa kila kipande. Anzeni na cha Docilianus. Nikipata nafasi nitaongeza hapa maandishi ya ukuta wa Hadrian, mpaka wa Kirumi kaskazini mwa Uingereza, ambako mungu Cocidius anaitwa Mars kwenye madhabahu moja na Silvanus kwenye nyingine, na nitamweleza pia mungu wa kike Coventina, ambaye kisima chake kule Carrawburgh kilipofukuliwa mwaka 1876 kilikutwa na sarafu zaidi ya 13,000.